Umeme mdogo unakula uniti zaidi? Nimepima jagi langu, njooni mnisahihishe

MchemshaMaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina ubishi na jirani yangu ambaye ni fundi umeme, unaingia wiki ya pili sasa. Sisi tunakaa Chanika ndani ndani, nguzo yetu ndiyo ya mwisho kwenye laini, baada yetu ni mihogo tu. Jioni watu wakirudi na kuwasha vitu vyao, umeme unashuka mpaka pangaboi unaweza kulihesabu mapanga. Jirani anasema umeme ukiwa mdogo vitu vinakula uniti nyingi zaidi, na ndiyo maana LUKU zetu (umeme wa kulipia kabla) hazikai. Mimi nikasema si kweli. Tumewekeana soda mbili.

Nikaanza na jagi la umeme kwa sababu ndilo linaloogopwa nyumbani kwangu. Nililigeuza chini nikakuta limeandikwa 220–240 V, 1850–2200 W. Ninalo huu mwaka wa nne, siku zote nikidhani wameweka wati mbili kwa kuwa hata wao hawana uhakika. Kumbe zile namba nne ni habari moja. Chukua 220 uizidishe kwa yenyewe, unapata 48,400. Gawanya kwa 1850: 26.2. Sasa 240 mara 240 ni 57,600. Gawanya kwa 2200: 26.2. Jibu lilelile! Hiyo 26.2 ndiyo ukinzani wa koili, yaani inavyozuia umeme kupita, kwa omu. Koili ni ileile, ukiipa volti nyingi inatoa wati nyingi, ukiipa chache inatoa chache.

Kwa waliosahau: volti ni ampea mara ukinzani, wati ni volti mara ampea. Ukiwa na volti na ampea umemaliza, gawanya upate omu, zidisha upate wati. Ukiwa na volti na omu tu, kama mimi, basi zidisha volti kwa zenyewe ugawe kwa omu.

Nikatafuta ile mita ya njano ya bei chee. Saa moja usiku, jagi likiwa limezimwa, soketi ilisoma 196 V. Nikawasha jagi: 188 V. Hesabu ikawa hivi:

188 ÷ 26.2 = ampea 7.2 hivi
188 × 188 ÷ 26.2 = wati 1349

Alfajiri saa kumi na moja, jagi likiwa linachemka, volti 228. Ampea 8.7, wati 1984.

Kwa hiyo usiku volti zimeshuka, ampea nazo zimeshuka, wati zimeshuka. Jagi halijala zaidi, limekula kidogo, ila linachelewa. Jirani hataki kusikia. Nakosea wapi?

Kidato_cha_Pili_B

Mkuu, unakosea palepale mwanzo. P = VI, yaani wati ni volti mara ampea. Jagi limeandikwa wati 2000, hizo ndizo linazotaka. Volti zikishuka lazima ampea zipande ili zile wati zitimie. Ndiyo maana umeme ukiwa mdogo waya zinapata moto. Hesabu haiongopi, jirani yako yuko sahihi. Lipa soda.

Siti ya Mbele

Nimekuja na kahawa yangu. Endeleeni.

MchemshaMaji

Kidato, nani amelituma jagi likamilishe wati 2000? Jagi halisomi maandishi ya chini yake. Lina koili tu ya 26.2. Volti 188 zikisukuma kwenye omu 26.2 zinapita ampea 7.2, wati 2000 zinataka 10.6, hizo tatu na ushee za kuongezea unazitoa wapi?

Kidato_cha_Pili_B

Kwa hiyo P = VI ni uongo? Tulifundishwa bure?

NyutroMoro

Vijana, punguzeni volti kidogo. Mimi ni fundi, niko Morogoro, na ubishi huu nimeusikia mpaka kwenye daladala.

Wote wawili mnatumia kanuni sahihi. P = VI ni kweli kila sekunde, kwenye jagi na kwenye chochote kingine ilimradi usiguse mota kwanza. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ina vitu vitatu, na yenyewe haikwambii kipi kimekaa na kipi kinahama. Hilo unaambiwa na kifaa chenyewe. Kwenye jagi, pasi, jiko la koili, hita ya maji ya kuogea, kilichokaa ni omu. Volti zikishuka ampea zinashuka pamoja nazo, na wati zinashuka mara mbili, maana umepoteza kwenye volti ukapoteza tena kwenye ampea. Angalia namba za mwanzisha uzi: volti kutoka 228 hadi 188 ni punguzo kama la asilimia 18, lakini wati kutoka 1984 hadi 1349 ni punguzo la asilimia 32.

Sasa nenda kwenye chaja ya kompyuta, TV bapa, dekoda, chaja ya simu. Ndani yake kuna sakiti inayodhibiti. Kompyuta inataka wati zake na sakiti itazitafuta popote. Hapo kilichokaa ni wati, na Kidato yuko sahihi kabisa: volti zikishuka, ampea zinapanda. TV ya wati 90, ukiacha hayo mambo ya mota niliyoyakimbia hapo juu, kwa 230 V inavuta ampea 0.39, kwa 188 V inavuta 0.48. Lakini wati ni zilezile 90, na LUKU inahesabu wati na muda, haihesabu ampea. Kwa hiyo hata hapo uniti hazijapanda.

Swali la kumuuliza jirani yako siyo "ampea zinapanda au zinashuka". Muulize, kwenye kifaa hiki kilichokaa ni kipi?

Kidato_cha_Pili_B

Aisee. Hapo nimeelewa. Sasa mbona chaja ya kompyuta yangu imeandikwa 100–240 V, 1.5 A? Nimepiga 240 × 1.5 nimepata wati 360. Inazidi friji!

NyutroMoro

Usizidishe namba mbili kwa sababu tu zimeandikwa karibu karibu. Ile 1.5 A ni ya juu kabisa wanayoikadiria, na inatokea upande wa volti chache, kule kwenye 100, siyo kwenye 240. Soma mstari wa pili wa chaja, ule wa kutoka. Utakuta kitu kama 19.5 V, 3.33 A. Zidisha hizo.

Kidato_cha_Pili_B

64.9

NyutroMoro

Ni chaja ya wati 65. Ongeza kidogo kwa joto lake yenyewe. Basi.

Pwani240

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, sisi hilo twaliita birika la stima, jagi kwetu ni la kutilia maji ya kunywa mezani. Kenya umeme wetu ni 240 V, na birika langu lina maandishi yaleyale, 220–240 na 1850–2200. Nimefanya hesabu ya ndugu wa Chanika: 240 ÷ 26.2 ni ampea 9.2, wati 2198. Yaani birika lenu la usiku na langu ni la kiwanda kimoja lakini langu lina nguvu mara moja na nusu na zaidi. Sasa naelewa kwa nini shemeji yangu wa Dar alipokuja alisema chai ya hapa haichelewi. Nilidhani ni sifa za mke wangu.

MchemshaMaji

Hahaha, Pwani usimnyime shemeji yako sifa kwa ajili ya omu.

NyutroMoro asante. Lakini jirani amekuja na hoja mpya. Anasema sawa, wati zimeshuka, lakini jagi linachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo mwishowe uniti ni nyingi. Nimekosa la kujibu papo hapo.

Fizikia na Ugali

Jibu lipo kwenye maji. Kuchemsha lita moja na nusu kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji joto la kiasi kimoja tu, uwe Chanika au Mombasa. Kila kilo moja ya maji inataka jouli 4200 hivi kupanda nyuzi moja. Kilo 1.5 × 4200 × nyuzi 73 = jouli 459,900. Uniti moja ni jouli 3,600,000. Gawanya: uniti 0.128. Wati chache kwa dakika nyingi au wati nyingi kwa dakika chache, maji yanadai deni lilelile.

Ila jirani ana chembe ya haki. Likichelewa kuchemka, jagi linapata muda zaidi wa kuvujisha joto pembeni. Ni kidogo, lakini kipo. Ukiweza kupima tuone ni kidogo kiasi gani.

MchemshaMaji

Nitapimaje wakati ile mita yangu ya njano nimeambiwa isiguse ampea za ukutani?

NyutroMoro

Umeambiwa vizuri sana na nakazia kwa herufi kubwa: ILE MITA YA NJANO HAIPIMI AMPEA ZA UMEME WA NYUMBANI. Tundu lake la 10 A ni la umeme wa betri tu, na nyingi kati yake hazina fyuzi upande huo. Mtu akiweka swichi kwenye ampea halafu akachomeka ncha mbili kwenye soketi, ametengeneza shoti ya makusudi. Mita kwenye ampea ina ukinzani karibu na sifuri. Gawanya 230 kwa karibu na sifuri uone. Nimeona ncha zikiyeyuka mkononi mwa mwanafunzi.

Volti pima, na weka kwenye 750, siyo 200. Kwenye 200 itakuonyesha "1" peke yake upande wa kushoto, ikimaanisha imezidiwa. Omu pima kifaa kikiwa kimechomolewa, siyo kimezimwa, kimechomolewa.

Ampea za ukutani zinataka mita ya kubana, ile yenye taya. Na taya inabana waya mmoja, laini au nyutro. Ukibana kebo nzima utasoma sifuri, kwa sababu kinachokwenda na kinachorudi vinafutana. Kila mwaka napata mteja mmoja aliyenunua mita ya kubana akairudisha dukani kwamba ni mbovu.

Lakini wewe huhitaji kununua kitu. Mita yako ya LUKU ina kitaa chekundu kinachokonyeza. Karibu yake soma kilichoandikwa: 1000 imp/kWh, au 1600, au namba nyingine. Kama ni 1000, makonyezo elfu moja ni uniti moja, kila konyezo moja ni jouli 3600. Zima nyumba nzima, acha jagi tu. Hesabu sekunde kati ya konyezo na konyezo, halafu 3600 gawanya kwa sekunde hizo unapata wati. Bora uhesabu kumi ugawe, jicho linakosea.

Siti ya Mbele

Nimeishi na kile kitaa miaka kumi nikidhani kinanicheka.

MchemshaMaji

Wakuu nimerudi na majibu, nimefanya mara mbili, usiku na alfajiri. Mita yangu ni 1000 imp/kWh. Maji lita moja na nusu kutoka ndoo ileile ya ndani. Mke wangu alishika simu ya kuhesabia muda, mimi nilikuwa nje kwenye mita nahesabu kwa sauti kama mchezaji wa rede.

Usiku, volti 188. Makonyezo kumi kwa sekunde 26.7. Yaani 36,000 ÷ 26.7 = wati 1348. Hesabu ya omu ilisema 1349! Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Maji yalichemka na jagi kujizima kwa dakika 6 na sekunde 20. Makonyezo yote: 142.

Alfajiri, volti 228. Makonyezo kumi kwa sekunde 18.1, wati 1989. Jagi lilijizima kwa dakika 4 na sekunde 15. Makonyezo yote: 140.

Tofauti ni makonyezo mawili. Kwa bei ninayolipa, shilingi 356 kwa uniti pamoja na makato yote, chai ya usiku imenigharimu shilingi 50 na senti, ya alfajiri shilingi 49 na senti. Jirani amezidiwa kwa tofauti ya senti sabini na kitu.

Fizikia na Ugali

Kazi safi. Na uone, hesabu ya maji peke yake ilitaka makonyezo 128. Yale mengine 12 hadi 14 ni joto la jagi lenyewe, la mvuke, na zile sekunde linaendelea kutokota kabla ya kujizima. Ila kasoro moja: ulipima nyuzi za maji kabla? Maji ya alfajiri huwa baridi zaidi ya ya saa moja usiku. Nyuzi moja tu ya tofauti ni karibu konyezo moja na robo tatu. Makonyezo yako mawili yanaweza kumezwa hapo, huku au kule.

MchemshaMaji

Sikupima. Sina kipimajoto, nina kidole. Kidole kinasema sawa.

BintiTandika

Kaka zangu naomba niingilie. Mimi nina jagi kama hilo, na plagi yake pini moja imekuwa nyeusi na inanuka plastiki. Fundi mmoja alisema jagi ni kubwa mno kwa soketi, nitafute dogo. Lakini soketi ni ya 13 A na kwa hesabu zenu jagi ni ampea 8 na kitu. Kwa nini iungue?

NyutroMoro

Dada, umeuliza swali bora kuliko yote humu.

Jagi siyo kubwa. 13 × 230 ni wati 2990, jagi lako lina nafasi ya kutosha. Kinachoungua ni mahali pini inaposhikana na soketi, au skrubu iliyolegea ndani ya plagi. Mahali pakilegea panakuwa na ukinzani wake. Tuseme ni omu 0.3 tu, kitu ambacho ile mita ya njano haiwezi hata kukiona, nyaya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Ampea zilezile 8.7 zinazopita kwenye jagi lazima zipite na hapo. Wati za mahali hapo ni ampea mara ampea mara omu: 8.7 × 8.7 × 0.3 = wati 22.7.

Wati 22 kwenye jagi lenye maji si kitu. Lakini unajua kile chuma cha mafundi redio cha kuchomea risasi? Kile kidogo ni wati 25. Dada, una chuma cha kuchomea risasi ndani ya plagi yako kila unapochemsha chai. Na joto likizidi, pini inashika kutu nyeusi, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka tena. Haiponi yenyewe.

Badilisha plagi NA soketi, vyote. Ukibadilisha kimoja, kile kibovu kitakiua kipya. Mpaka hapo usichemshe chai na hiyo.

BintiTandika

Nimeelewa, leo natumia mkaa. Asante kaka.

Waya Mbili

Kwenye hili la dada naomba niongezee ekstensheni, maana nina saluni na niliumia. Nilivuta waya wa mita 30 kutoka nyumbani hadi kibandani, wa milimita moja ya mraba, kwa ajili ya draya. Draya ikawa inapuliza vuguvugu. Nikanunua nyingine, vuguvugu. Nikanunua ya tatu! Mpaka mteja wangu mmoja, mwalimu, akachukua kalamu. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Mita 30 kwenda, 30 kurudi, ni 60: omu 1.03. Kwa ampea 8 unapoteza volti 8 njiani, na wati 66 zinapasha waya. Kwa waya wa 2.5 ungepoteza volti tatu na kitu.

Ila ukweli lazima niuseme, volti 8 peke yake haifanyi draya kuwa vuguvugu. Tulipokata waya tulikuta siyo shaba, ni kitu cheupe kilichopakwa rangi ya shaba, na unene wake haukufika hata nusu ya ilivyoandikwa. Muuzaji simtaji. Draya zote tatu zilikuwa nzima, mbili nimeziuza.

Kidato_cha_Pili_B

Wakuu msaada wa haraka! Nimeamua kupima kila kitu nyumbani kwa omu. Nimechukua balbu ya zamani ya bibi, ile ya uzi, imeandikwa 60 W. Mita inasema omu 65. Hesabu: 230 × 230 ÷ 65 = wati 814. Balbu ya bibi ni wati 814???

Siti ya Mbele

Ndiyo maana uzi huu unawaka.

Fizikia na Ugali

Siti ya Mbele umesubiri tangu jana kusema hilo.

Kidato, umeipima ikiwa baridi. Uzi wa balbu ni tangsteni, na ukiwaka unafika nyuzi 2500 hivi. Madini mengi yakipata moto yanazidi kukataa mkondo, na ule uzi unapata moto kuliko kitu chochote ulicho nacho nyumbani. Fanya kinyume: wati 60 kwa 230 V ni ampea 0.26. 230 ÷ 0.26 ni omu 880 na kitu. Hiyo ndiyo omu yake ikiwaka, mara 13 ya ile uliyopima. Na wati 814 ulizopata siyo uongo, ni za sekunde ndogo sana ya kwanza, kabla uzi haujapata moto. Ndiyo maana balbu hizo zilikuwa zinakufa pale unapobonyeza swichi, paf!

Koili ya jagi ni aloi ya nikeli na kromiamu, au ya namna hiyo, iliyochaguliwa kwa makusudi kwa sababu omu zake hazihami sana. Ukiipima baridi utapata karibu ileile. Mwanzisha uzi, bahati yako ulianza na jagi. Ungeanza na balbu ungeuza mita.

Na kwa kuwa tumefika hapa, niseme kidogo kuhusu mwenye jina. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia wa sekondari huko Köln, Ujerumani. Shida yake ya kwanza ilikuwa ya Chanika: betri za enzi zile zilikuwa zinapandisha na kushusha volti wakati anapima, hesabu hazikai. Akashauriwa aachane na betri, atumie maungio ya madini mawili tofauti, bismathi na shaba, ungio moja kwenye maji yanayochemka na jingine kwenye barafu. Hapo akapata msukumo usiotetereka na namba zikakaa. Kitabu chake kilitoka 1827, wenzake Wajerumani wengi wakakipokea kwa baridi. Waingereza ndio waliompa medali ya Copley, 1841. Kwa hiyo hata yeye alihitaji maji ya moto.

MchemshaMaji

Basi mimi na Ohm tofauti ni majani ya chai tu.

Swali dogo. Jagi likiwashwa volti zinashuka kutoka 196 hadi 188. Hizo 8 zinakwenda wapi?

NyutroMoro

Ni ileile habari ya ekstensheni ya saluni, ila ekstensheni yako inaanzia kwenye transfoma. Volti 8 gawanya ampea 7.2: omu 1.1. Huo ni ukinzani wa njia nzima, kutoka transfoma, nguzo zote, waya wa kuingia kwako, breka, mpaka soketi. Wati 57 zinapasha waya njiani. Zile zinazopotea kabla ya mita hulipi, za baada ya mita ni zako. Ukitaka kujua, pima kushuka kwa volti kwenye soketi iliyo karibu kabisa na breka, ulinganishe na hiyo ya jikoni. Zikitofautiana sana, kuna ungio bovu ndani ya nyumba, na unakumbuka ya dada wa Tandika.

Bodaboda Mstaafu

Mimi sina jagi. Taa ya pikipiki 12 V, 35 W. 35 ÷ 12 = 2.9 A. Balbu ya wati hizohizo nyumbani ingekula 0.15 A. Nilikuwa sijui kwa nini waya za pikipiki ni nene kuliko za taa ya chumbani. Leo nimejua. Wenye sola na inveta pia wafikirie hapo: wati 500 kwa betri ya 12 V ni karibu ampea 42.

MchemshaMaji

Wakuu, mrejesho.

Jana jioni jirani alikuja mwenyewe na soda. Moja. Nikamuuliza ya pili iko wapi, akasema jagi amekubali, amehesabu makonyezo kwa jicho lake, lakini yeye aliposema "vitu" alimaanisha friji, na friji bado hatujaipima. Nikamwambia friji itakuwa hivyohivyo. Akacheka kicheko cha fundi.

Tukaenda kwake. Alichomoa friji, akapima omu za koili ya kompresa: 18. Nikapiga hesabu haraka haraka, 230 × 230 ÷ 18, wati 2900 na ushee. Friji imeandikwa 150. Nikakumbuka balbu ya bibi nikanyamaza, lakini kompresa haiwaki kama balbu, sasa hizo omu nyingine zinatoka wapi?

NyutroMoro

Jirani yako simfahamu lakini namheshimu.

Mota siyo koili tupu. Ikizunguka inazalisha umeme wake unaopingana na ule unaoingia, kwa hiyo zinazopita ni ampea chache. Na hata hizo chache huwezi kuzizidisha kwa volti ukapata wati moja kwa moja, maana kwenye mota volti na ampea hazipandi na kushuka kwa pamoja. Friji inaweza kuvuta ampea 1.1 kwa 230 V, ukapiga ukapata 253, na LUKU ikahesabu 150. Pale mwanzo nilisema msiguse mota kwanza, ndiyo hii.

Sasa umeme ukiwa mdogo sana mota inashindwa kuanza kuzunguka. Isipozunguka hakuna cha kupingana, inabaki karibu na koili tupu, na ampea zinapanda kweli. Haigandishi kitu, inapasha moto kompresa tu. Kwenye hilo jirani ana soda yake. Jana usiku ilikuwaje?

MchemshaMaji

Volti 174. Ilinguruma sekunde chache, ikafanya "tik", ikanyamaza. Baada ya dakika kadhaa ikanguruma tena, tik. Kitaa cha LUKU kilikuwa kinakimbia wakati wa kunguruma, mimi nikiwa nje nahesabu, na ndani hakuna hata tone lililoganda.

Tumeichomoa. Soda ya pili tumeigawana, ilikuwa ya moto.